Kasi au Nafasi?



Mtu anunuaye kompyuta mpakato kwa ajili ya nyumba yake, na hasa kama fedha zake ni za kuhesabu, hana budi kukutana dukani na swali moja. Je, achukue ile yenye diski kubwa iendayo polepole, au ile yenye diski ndogo iendayo mbio? Bei zao aghalabu hukaribiana. Wauzaji hubandika kikaratasi juu ya kifuniko, hiki kimeandikwa «HDD 1TB», na kile kimeandikwa «SSD 256GB», na mnunuzi husimama akitazama namba moja na namba mia mbili hamsini na sita, wala hajui ni ipi iliyo kubwa. Basi na ajue kuwa ile 1 ndiyo kubwa. Terabaiti moja ni gigabaiti elfu moja, kwa hiyo ni karibu mara nne ya ile ya pili.

Nyumbani kwetu Tanga swali hili lilikaa majuma matatu bila kupata jawabu, na sababu yake ni kwamba kompyuta iliyotakiwa ilikuwa moja ilhali haja zilikuwa mbili. Binti yangu anasoma uhasibu katika chuo cha hapa mjini, naye alitaka chombo kitakachofunguka upesi, maana kazi zake huzifanya usiku baada ya Isha, na pengine umeme hukatika kabla hajamaliza. Mimi nami nilikuwa na sanduku la kanda za kaseti, kanda 140, ambazo ndani yake imo sauti ya marehemu baba yangu akisomesha darsa za tafsiri katika miezi ya Ramadhani ya miaka iliyopita. Kila mtu wa pwani ajua hali ya hewa yetu inavyofanya kanda. Ukungu huota pembezoni, utepe hugandamana, na siku moja unaubonyeza mtambo nao watoa mvumo tu. Hakuna nakala nyingine ya sauti ile popote duniani. Kaka yake binti akasema kwamba hapo hakuna haja ya mashauri: darsa ni nyingi, basi tununue diski kubwa. Binti akanyamaza kwa adabu, lakini sikuuona uso wake ukiridhika.

Kabla ya kuamua nilitaka kwanza kufahamu vitu hivi vinafanya kazi namna gani, na haya ndiyo niliyoyapata.

Diski ya namna ya kwanza, ile iitwayo HDD, ni sahani ya mviringo iliyopakwa utando wa sumaku, nayo huzunguka bila kusimama. Wale waliowahi kumiliki santuri watafahamu mara moja. Kuna sahani, na kuna mkono unaokwenda huku na huko juu yake, ila kichwa cha mkono huu hakigusi sahani hata kidogo, bali huelea juu yake kwa umbali mdogo mno usioweza kuonekana kwa jicho. Diski ya kwanza ya namna hii ilitolewa na kampuni ya IBM huko Marekani mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja yenye upana wa inchi 24, na zote pamoja zilihifadhi herufi milioni 5 tu, yaani pungufu ya picha moja ipigwayo leo kwa simu nzuri. Mtambo mzima uliokuwa na diski hiyo ulikodishwa kwa dola 3,200 kila mwezi. Tangu siku hizo nafasi imeongezeka kupita kiasi, lakini ule mzunguko wa sahani haukuongezeka kwa kadiri hiyo. Diski ya mwaka 1956 ilizunguka mara 1,200 kwa dakika, na diski za kompyuta mpakato kwa kawaida huzunguka mara 5,400, nyingine mara 7,200. Nafasi imekua mara maelfu kwa maelfu, na mzunguko mara nne au sita tu. Hapo ndipo asili ya swali letu.

Maana fikirini, ndugu zangu. Sahani izungukayo mara 5,400 kwa dakika huzunguka mara 90 kwa sekunde moja. Kichwa kikitaka habari fulani, lazima kwanza mkono usogee mpaka kwenye mstari wake, kazi ambayo huchukua kama milisekunde 12 kwa wastani, kisha kingoje mpaka sehemu ile ya sahani ipite chini yake, na kungoja huko ni kama milisekunde tano na nusu. Milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde, na mtu atasema hicho si kitu. Walakini kompyuta inapowashwa haitaki habari moja. Hutaka maelfu ya vipande vidogo vidogo vilivyotawanyika kila upande wa sahani, na kwa hesabu hiyo diski yaweza kuleta vipande kama 60 tu kwa sekunde. Ndiyo maana mashine huwashwa, mtu akaenda kutia maji ya chai jikoni, akarudi, naye aikuta bado inazungusha kile kiduara chake.

Namna ya pili, SSD, haina sahani wala mkono wala kitu chochote kiendacho. Ni chipu tupu, jamaa ya zile kumbukumbu ndogo ziitwazo flashi, ambazo asili yake ni kazi ya mhandisi wa Kijapani, Fujio Masuoka, aliyekuwa katika kampuni ya Toshiba miaka ya 1980. Hapo hakuna kungoja mzunguko. Kipande hupatikana kwa sehemu ya kumi ya milisekunde au pungufu, kwa hiyo vipande 60 kwa sekunde hugeuka kuwa maelfu.

Kutoka hapo nikafahamu jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Tofauti baina ya diski ya mizunguko 5,400 na ile ya mizunguko 7,200 ni ndogo kuliko inavyosifiwa, kwa sababu muda wa kungoja hupungua kwa milisekunde moja na kitu tu, na mkono husogea vile vile. Hali kadhalika tofauti baina ya SSD ya kawaida, isomayo hadi megabaiti 550 kwa sekunde, na zile mpya za NVMe zisomazo elfu tatu na nusu au saba, mtu wa barua na hesabu hataiona sana, japo mwenye kuhariri filamu ataiona. Daraja kubwa ni lile moja tu, la kutoka kwenye sahani kwenda kwenye chipu. Asiyekuwa na fedha nyingi alivuke hilo na kutosheka.

Wala msidhani kwamba watu wa nchi tajiri hawakupata kusumbuliwa na swali hili. Mwaka 2008 kampuni ya Apple ilipotoa kompyuta yake nyembamba, MacBook Air, mnunuzi alipewa hiari hii: diski ya sahani ya gigabaiti 80, au SSD ya gigabaiti 64 kwa kuongeza dola 999. Yaani alipe zaidi apate nafasi pungufu! Wakati huo ilikuwa ni anasa. Leo bei imeshuka hata katika maduka ya Kariakoo yauzayo kompyuta zilizokwisha kutumika Ulaya na Dubai, waweza kuwekewa SSD ukingali umesimama pale pale mbele ya fundi.

Sasa tuje kwenye nafasi. Kaka yake binti alisema darsa ni nyingi, nami nikamwambia tuhesabu kwanza, kwa kuwa neno «nyingi» halina kipimo. Kanda 140 za dakika 90 ni saa 210. Sauti ikihifadhiwa kamili bila kubanwa, kwa kipimo kile kile cha sahani za CD, saa moja hula kama megabaiti 635, basi zote ni gigabaiti 133 hivi. Sauti hiyo ikibanwa kwa namna ya MP3 ya kiasi cha kati, saa moja hula megabaiti 58, na darsa zote za umri wa mzee wangu ni kama gigabaiti 12 tu. Kijana alishangaa. Nikamwonyesha simu yake mwenyewe: video ya dakika moja hula baina ya megabaiti 60 na 130, na video alizopiga katika arusi ya binamu yake peke yake zilikuwa zimepita gigabaiti 20. Mzee aliyesomesha miaka kumi na minane amechukua nafasi ndogo kuliko ngoma ya usiku mmoja! (Sisemi arusi zisipigwe picha. Nasema tu tujue ni nini kilichotujazia ghala.)

Juu ya hayo, kazi ya kuhamisha kanda haihitaji kasi hata kidogo. Sauti hutoka kwenye redio kaseti kwa mwendo wake wa asili, saa moja kwa saa moja, nayo huingia kwenye diski kwa chini ya megabaiti moja kila sekunde tano. Diski iliyo dhaifu kuliko zote dukani yaweza kuibeba kazi hiyo huku imelala. Na darsa ikikwisha kuhifadhiwa, nani atakayeifungua mara mia kwa siku? Hukaa pale, ikingoja mtu aitake.

Basi ikawa wazi kwangu kwamba tulikuwa tukiulizana swali moja kumbe ni maswali mawili. Kazi za binti zataka kasi, lakini hazitaki nafasi: vitabu vyake, majedwali yake ya hesabu na programu zake zote pamoja na Windows haziwezi kujaza hata nusu ya ile SSD ya 256. Amana ya mzee yataka nafasi na salama, lakini haitaki kasi. Na kuna tofauti nyingine iliyo kubwa zaidi, nayo ndiyo iliyokata shauri. Nafasi yaweza kuongezwa kutoka nje, kwa diski ya kuchomeka kwa waya. Kasi ya diski ambayo kompyuta huamka juu yake kila siku haiongezwi kwa kuchomeka kitu pembeni, isipokuwa kwa kufungua mashine na kubadilisha. Kwa hiyo kinunuliwe ndani kile kisichoweza kuletwa kutoka nje.

Kaka yake hakukubali upesi. Alisema, «Baba, kitu kikiwa ndani kipo salama, cha nje hupotea.» Hoja yake si ya kudharauliwa, kwani vitu vidogo hupotea kweli. Lakini nilimkumbusha jirani yetu mmoja ambaye alikuwa na mashine ya terabaiti moja, na humo alitia kila kitu: picha za wazazi wake waliokwisha kufariki, vyeti, na hesabu za duka. Mtoto aliuvuta waya wa chaji, mashine ikaanguka kutoka juu ya meza wakati sahani inazunguka, na tangu siku hiyo ilikuwa ikitoa mlio wa kugonga, kak, kak, kak, basi. Fundi wa kwanza alishindwa, wa pili akataka fedha zinazozidi bei ya mashine yenyewe. Ghala lilikuwa kubwa, nalo lilikuwa moja. Na SSD nayo ina ajali zake. Haiogopi kuanguka sana, lakini ikifa aghalabu hufa ghafla pasipo mlio wa kuonya, na kukitoa kilichokuwa ndani ni kazi ngumu mno. Kwa hiyo salama haimo ndani ya diski yoyote, ya sahani wala ya chipu. Imo katika kuwa na nakala zaidi ya moja, na zisikae nyumba moja.

Tulinunua, basi, ile ya SSD 256, kwa shilingi laki sita na nusu. Nilimtaka muuzaji aiwashe mbele yangu nami nikahesabu kwa saa ya mkononi: ilikuwa tayari kabla ya nusu dakika. Ile ya terabaiti moja, iliyokuwa kando yake na yenye umri ule ule, ilipita dakika mbili. Nilimwuliza pia kama diski yaweza kubadilishwa siku za mbele, na hili nawausia sana vijana waulize, kwa sababu baadhi ya mashine mpya huwa chipu zake zimeunganishwa na ubao moja kwa moja, wala hazitoki. Nilimwuliza tena habari za RAM, maana ni kitu kingine kabisa, ingawa wauzaji huvichanganya katika maneno yao. RAM ni meza ya kufanyia kazi, diski ni kabati. Meza ikiwa ndogo, mashine huenda kabatini kila mara, na hata SSD haitaficha uzito wake. Ilikuwa na gigabaiti 8, tukaridhika.

Msishangae mkifika nyumbani mkakuta imeandikwa 238 badala ya 256. Hamkuibiwa. Mtengenezaji huhesabu kwa maelfu, na Windows huhesabu kwa 1,024, basi namba hutofautiana. Terabaiti moja nayo huonekana kama 931.

Hao wenye mashine za zamani wana njia ya tatu, na pengine ndiyo iliyo nafuu kuliko zote. Kama kompyuta ina mahali pa kutilia sahani za DVD, fundi hukitoa chombo hicho, mahali pake akatia kikasha chenye ile diski ya zamani ya sahani, na SSD ikawekwa mahali pa diski kuu. Hapo mtu hupata vyote viwili ndani ya mashine moja. Ni nani siku hizi atazamaye DVD?

Ama kuhusu ghala letu la nje, fedha za siku hiyo zilikwisha, nasi tulikaa miezi miwili bila kuwa nalo. Lakini kanda haziwezi kungoja fedha. Tulianza kuhamisha, saa mbili kila usiku, kwa waya wa kutoka tundu la redio kaseti na programu iitwayo Audacity, ambayo haiuzwi bali hutolewa bure. Kwa mwendo huo saa 210 ni usiku 105. Kila darsa iliyomalizika tuliiweka kamili kwenye SSD kwa muda, na nakala iliyobanwa tukaipeleka kwenye flashi, na nyingine kwenye ile akiba ya Google ambayo humpa kila mtu gigabaiti 15 pasipo malipo. Gigabaiti 12 zatosha humo, kwa shida kidogo. Gharama yake ni vifurushi vya intaneti, na hizo hazikuwa chache.

Ndipo ikaja diski ya nje. Sokoni kulikuwa na diski ndogo nzuri za chipu zilizoandikwa terabaiti 2, kwa bei ambayo haikunipa imani. Nawaonya wasomaji juu ya vitu hivi. Vingine ndani yake mna gigabaiti 32 au 64 tu, na vimefundishwa kuidanganya kompyuta, na zikijaa huandika kipya juu ya cha zamani wala hazisemi. Mtu huona majina ya mafaili yote yapo, na akiyafungua hayana kitu. Iko programu iitwayo H2testw, ya bure, ambayo hujaza diski mpaka mwisho kisha ikasoma kila kitu tena kuona kama kipo. Muuzaji anayekataa diski yake ipimwe hivyo, aachwe na diski yake.

Kwa ghala nilichagua tena ile ile ya sahani niliyoikataa ndani ya kompyuta, terabaiti moja, ya kuchomeka kwa waya. Si kwa bei tu. SSD ikiwekwa kabatini muda mrefu bila umeme, na hasa iliyotumika sana na katika joto kama letu, yaweza kuanza kusahau iliyoyashika, kwa maana habari zake ni chembe za umeme zilizofungiwa ndani ya chipu, nazo huvuja taratibu. Sumaku ya sahani huvumilia zaidi kukaa kimya. Kunakili gigabaiti 133 kwa tundu la USB 3 hakukufika nusu saa, ilhali kwa tundu la USB 2 ingekuwa saa moja na zaidi. Diski ya pili iliyo sawa nayo tulinunua baada ya mavuno ya nazi, nayo ipo Pangani kwa dada yangu, imefungwa katika mfuko pamoja na vile vijiti vya kunyonya unyevu. Kila mwaka, tukienda kumwamkia katika Idi, huiwasha na kuifungua kuona kama ingali nzima.

Kanda tatu hazikutoa kitu. Mbili utepe wake ulikuwa umekatika, nasi tuliuunga, ikasikika robo tu. Ya tatu imegandamana kabisa, nami sijaitupa.

Mafaili makubwa yalipohamishwa, SSD ya binti ilibaki na zaidi ya gigabaiti 150 tupu, na hivyo ndivyo ipasavyo, kwa kuwa diski za namna hii zikikaribia kujaa hupunguza mwendo, na ni vema kuziachia kama sehemu ya tano. Kaka yake aliiona nafasi hiyo akaomba aweke michezo yake ya mpira. Binti alimjibu kwamba terabaiti moja anayoitaka ipo Pangani, aende akamwombe shangazi.